Jino Lililonyamaza Halijapona

Mji wetu wa Mombasa una baraza nyingi, na barazani hakukosi mazungumzo. Kuanzia Kibokoni hadi Kuze, kuanzia Ndia Kuu hadi Makadara, baada ya sala ya Isha watu hukaa wakanywa kahawa, wakazungumza siasa, mpira, bei ya samaki na habari za jamaa walioko Uarabuni na Ulaya. Maradhi nayo huzungumzwa: presha, kisukari, magoti na mgongo. Lakini ni nadra mno kumsikia mtu akizungumza meno yake, ila siku ile anapokuja ameshika shavu, uso umevimba, na usingizi hajaupata tangu juzi. Hapo kila mmoja hutoa dawa yake. Huyu asema atie karafuu. Yule asema asukutue kwa maji ya chumvi. Wa tatu, ambaye kinywani mwake yamesalia magego mawili, asema kwa ushujaa: "Bwana we, kaling'oe upumzike!"

Aghalabu ushauri wa huyu wa tatu ndio unaofuatwa. Jino hung'olewa, pengo hubaki, na mwenyewe hamwoni tena daktari wa meno mpaka jino la pili lianze. Daktari tumemfanya kuwa mtu wa koleo tu, kama kwamba hakusomea jambo jingine.

Rai yangu leo ni hii: kuoza kwa meno na kuugua kwa ufizi si kudra ya uzee, wala si urithi wa ukoo. Ni maradhi yanayozuilika kwa kazi ndogo ya kila siku na kwa kwenda kuangaliwa kabla ya kuumwa. Na sisi wa pwani, kwa dini yetu na ada zetu, tulistahili kuwa mbele ya wengine katika kuyazuia. Kinachotuweka nyuma ni kwamba tunangoja maumivu yaje yatuamrishe.

MDUDU ASIYEKUWAKO

Mpaka leo wako watu mjini wasemao jino lina mdudu. Fikira hiyo si yetu peke yetu, kwani hata watu wa Babeli ya kale waliamini kwamba ndani ya jino linalouma mna mnyoo unaotafuna. Ilipofika mwaka 1728, Mfaransa aitwaye Pierre Fauchard alitoa kitabu kikubwa cha utabibu wa meno na ndani yake akaikataa habari hiyo ya mnyoo. Mwaka 1890 Mmarekani Willoughby Miller, aliyekuwa akifanya utafiti wake huko Berlin, alieleza lile ambalo wataalamu wameendelea kulijenga hadi leo.

Maelezo yenyewe si magumu. Kinywani mwa kila mtu mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hivyo hujishikiza juu ya meno katika utando laini unaonata, ule mtu anaousikia kwa ulimi anapoamka asubuhi. Tukila kitu chenye sukari, vijidudu hivyo nao hula, na wakila hutoa asidi. Asidi hiyo hulainisha gamba gumu la nje la jino. Baada ya nusu saa hivi mate huishinda asidi, na gamba huanza kujirudisha. Lakini mtu akila kitamu tena, na tena, na tena, mate hayapati nafasi ya kufanya kazi yake. Mwisho gamba hutoboka, na tundu likaanza safari yake kuelekea ndani, kwenye mishipa.

Angalia basi hila ya maradhi haya. Gamba la jino halina hisia. Tundu linapoanza haliumi hata kidogo. Likifika ndani kidogo, mtu husikia msisimko akinywa maji baridi, naye hubadilisha upande wa kutafunia, basi. Likifika kwenye mshipa ndipo ulimwengu unapomgeukia. Kisha, baada ya siku kadha za mateso, maumivu hukoma ghafla. Mwenyewe hushukuru, akasema limepoa. La hasha! Jino lililonyamaza halijapona. Mshipa wake umekufa, na usaha unajikusanya chini ya mzizi kimyakimya. Usaha huo ndio utakaorudi baada ya miezi na uvimbe. Uvimbe huo ukishuka chini ya taya na shingoni, mtu akashindwa kumeza au akapata taabu ya kupumua, hilo si la kungoja kuche: ni la kukimbilia hospitali usiku huohuo, kwani laweza kuua.

Na karafuu je? Karafuu ina sifa yake ya kweli, na madaktari wenyewe wameitumia miaka mingi, kwani mafuta yake yana kitu kinachotia ganzi. Lakini kutia ganzi si kutibu. Karafuu hulinyamazisha jino, hailizibi tundu. Ubaya zaidi ni ile ada ya kusaga tembe ya asprini na kuibandika kwenye ufizi. Asprini humezwa, ukiibandika huunguza nyama ya kinywa, ukawa na vidonda viwili badala ya kimoja.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sijui msemo mwingine unaolifaa jino kuliko huo. Tundu dogo huzibwa kwa muda mfupi, na jino hilo laweza kumtumikia mtu miaka mingi. Tundu kubwa hutaka kutibiwa mzizi, kazi ndefu na ya gharama. Na likipita hapo ndipo koleo huingia.

UFIZI HAUPIGI KELELE

Ikiwa jino hupiga kelele likichelewa, ufizi hata hiyo kelele haupigi. Ule utando laini nilioutaja, usipoondolewa, hugeuka ukoga mgumu kama chokaa penye mpaka wa jino na ufizi. Ufizi huvimba kidogo, ukawa mwekundu, ukatoka damu mtu anapopiga mswaki. Wengi wakiona damu huacha kupiga mswaki mahali pale, wakidhani wanajiumiza. Kumbe kinyume chake ndicho sawa: aghalabu damu ni ishara kwamba pale mahali pamesahauliwa na panataka kusafishwa vizuri zaidi, kwa upole. Ikipuuzwa, ufizi huachana na jino, mfupa unaolishika huliwa, na jino huanza kucheza. Ndiyo maana utamwona mzee ambaye meno yake hayana tundu hata moja, lakini yanaanguka mazimamazima kama kuti kavu.

Hili si tatizo la watu wachache. Uchunguzi wa afya ya kinywa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100, zaidi ya 90 walikuwa na ufizi unaotoka damu, na kiasi cha thuluthi moja walikuwa na meno yaliyooza. Shirika la Afya Duniani nalo, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilisema watu wapatao bilioni 3.5 ulimwenguni wana maradhi ya kinywa. Maradhi yaliyoenea hivi, na yasiyouma mwanzoni, hayawezi kushindwa na watu wanaongoja kuumwa.

Mwenye kisukari, na hao ni wengi miongoni mwetu, namwomba alisome hili mara mbili. Kisukari huudhoofisha ufizi, na ufizi mgonjwa nao huifanya sukari ya damu iwe ngumu kudhibitika. Kila mmoja humpa mwenzake nguvu. Anayetumia dawa za kisukari kila siku na hajawahi kuangaliwa ufizi, anaziba mlango mmoja huku mwingine umebaki wazi. Na mvutaji sigara ajue kwamba moshi huficha ile damu ya onyo, hivi kwamba ufizi waweza kuwa umeharibika sana na hauonyeshi dalili.

Ukoga mgumu hautoki kwa mswaki wala kwa dawa ya meno. Hutoka kwa kukwanguliwa na mtaalamu. Na jambo hili lisionekane ni la kizungu. Huko Andalusia, tabibu Abu al-Qasim al-Zahrawi, aliyefariki kiasi cha mwaka 1013, aliandika katika kitabu chake kikubwa, At-Tasrif, namna ya kukwangua ukoga ili ufizi usiharibike, akachora na vyombo vyenyewe vya kukwangulia, kila kimoja na umbo lake. Alitaka kazi irudiwe siku nyingine mpaka ukoga wote uishe. Ni Mwislamu aliyeandika hayo, miaka 1,000 iliyopita. Leo mtu wa Mji wa Kale akiambiwa akasafishwe meno husema, "Kwani yaniuma?"

MSWAKI WA MFUKONI

Sasa nifike penye lile ninaloliona ni ajabu zaidi. Sidhani kwamba kuna watu waliohimizwa kusafisha kinywa kama tulivyohimizwa sisi. Mtume wetu (S.A.W.) alieleza kwamba lau si kuchelea kuutia uzito umma wake, angeliuamrisha kupiga mswaki kwa kila sala. Imepokewa kuwa alikuwa akiamka usiku husafisha kinywa chake, akiingia nyumbani huanza na mswaki, na hata katika maradhi yake ya mwisho aliutamani, Bi Aisha akamlainishia. Juu ya hayo, katika kila udhu twasukutua mara tatu. Mwenye kutawadha kwa sala tano husukutua mara 15 kwa siku. Madaktari wa leo hutuomba mara mbili tu kwa siku, kwa muda wa dakika mbili. Ni kidogo kuliko tulivyohimizwa.

Na kijiti chenyewe si duni. Mti wa mswaki, ambao wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica, humea hapa pwani, katika nchi kavu na hata penye ardhi ya chumvi. Wataalamu wameuchunguza wakaona kwamba mswaki ukitumiwa sawasawa hufanya kazi ya brashi, na kwamba utomvu wake una vitu vinavyopunguza vijidudu. Katika miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilihimiza vijiti vya namna hii viendelee kutumiwa na watu ambao ni ada yao.

Lakini twautumiaje? Ijumaa mtu hununua kijiti nje ya msikiti, akakitia mfukoni mwa kanzu, kikakaa humo hadi kikauke. Akisimama safuni hukitoa, akasugua meno mawili ya mbele mara tatu, akakirudisha. Nyuma hakufika, ndani hakufika, ufizi haukuguswa. Ikiwa mswaki umekusudiwa kusafisha kinywa, basi kinywa hicho hakikusafishwa. Tumeshika kijiti, tumeacha kazi yake.

Mswaki hutaka ukate kijiti kibichi, umenye ncha kiasi cha sentimita moja, uitafune mpaka iwe nyuzi laini, kisha upige kutoka penye ufizi kuelekea ncha ya jino, nje na ndani, bila kukwaruza. Ncha ikatwe na kutolewa mpya kila siku. Na tukubali pia mpaka wake: nyuma ya magego ya mwisho na katikati ya meno kijiti hakifiki vizuri. Wala hakitoi floridi ya kutosha, yale madini yanayoligandisha upya gamba la jino. Kwa hiyo nasema tutumie vyote viwili. Mswaki uwe wa sala na wa mchana. Brashi yenye dawa ya meno ya floridi iwe ya asubuhi na ya kabla ya kulala. Ukimaliza, tema povu, usisukutue kwa maji mengi, ili floridi ibakie kazini. Katikati ya meno pita na uzi wake au kijiti laini. Wanaoogopa floridi kwa kuwaona watu wa Nakuru na Naivasha wenye meno ya kahawia wajue kwamba madoa yale hutokana na maji yenye madini hayo kupita kiasi, yaliyonywewa tangu utotoni. Dawa ya meno ya kutemwa ni jambo jingine.

UTAMU WETU

Mimi ni mtu wa pwani na sitaki kumharamishia mtu halwa yake. Karamu bila halwa, na Ramadhani bila kaimati, si karamu wala si Ramadhani. Lakini tujifunze jambo moja ambalo wengi hawalijui: kwa meno, mara ngapi ni mbaya kuliko kiasi gani. Mtu aliyekula kipande kizuri cha halwa baada ya chakula, kisha akasukutua, amewapa vijidudu karamu moja. Mtoto mwenye pakiti ya mabuyu mekundu, anayemumunya moja moja kutoka asubuhi hadi Magharibi, amewapa karamu ya mchana kutwa. Mabuyu yetu ni fahari ya Mombasa, na wageni huyabeba hadi Nairobi, lakini ile sukari iliyogandishwa juu yake hukaa kwenye meno kama gundi.

Wazee wetu walikunywa kahawa tungu, na utamu ukawa ni tende moja au kipande cha kashata kando. Leo chai yatiwa vijiko vitatu vitatu, mara nne kwa siku, na mchana kuna soda. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu za chakula cha siku, kiasi cha vijiko 12 vya chai, na afadhali isizidi vijiko 6. Chupa moja ya kola ya nusu lita yakaribia kuvimaliza vijiko hivyo 12 vyote, kabla hujagusa chai.

Ramadhani ina hesabu yake. Kuanzia kufuturu hadi daku, kinywa hakipumziki: tende, sharbati, kaimati, vitumbua, chai. Kisha watu hula daku, wakanywa chai tamu, wakalala hivyohivyo, na usingizini mate hupungua, kwa hiyo asidi haina wa kuizuia. Najua kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi kupiga mswaki baada ya jua kupinduka kwa aliyefunga kumehesabiwa makuruhu, na wako wanavyuoni wasioona ubaya. Hilo nawaachia wenyewe. Lakini baada ya futari na baada ya daku mswaki ni sunna ile ile ya siku zote. Mwezi ambao tunausafisha moyo, kinywa tusikisahau.

TAMBUU NA MUGUKA

Tambuu ina heshima yake katika nyumba zetu. Imetandikwa kwenye sinia harusini, wamekaribishwa nayo wageni, na nyanya zetu wamekaa nayo ukumbini wakazungumza. Hata hivyo, heshima haiwezi kuficha kweli. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku, husababisha saratani. Ikitiwa tumbaku, hatari huzidi. Anayetafuna tambuu kila siku akiona ndani ya shavu doa jeupe au jekundu, au kidonda kisichopona kwa wiki mbili, au kinywa chake kikiwa kigumu kufunguka, asikae. Na doa hilo, daktari wa meno anaweza kuliona hata kabla mwenyewe hajalijua. Hiyo ni faida nyingine ya kwenda kuangaliwa bila kuumwa.

Vijana wetu nao wana yao. Mwezi wa Mei 2024 Gavana wa Mombasa alipiga marufuku muguka, mahakama ikasimamisha amri hiyo, na mabishano yakawa makubwa juu ya akili za vijana na riziki za wakulima. Katika makelele yote yale, meno yalisahauliwa. Muguka hukausha kinywa, nao huwekwa shavuni kwa saa nyingi pamoja na peremende, ubani wa kutafuna na soda ili kuua uchungu. Kinywa kikavu chenye sukari kutwa nzima: msomaji aliyefika hapa hahitaji nimweleze mwisho wake.

JINO LA MIAKA SITA

Kosa kubwa kuliko yote ni lile tunalowafanyia watoto. Husemwa: "Ni meno ya utotoni, yatang'oka tu." Meno ya utotoni ni 20, na magego yake hukaa kinywani hadi mtoto afike miaka 10 au 12. Yakioza, mtoto hali vizuri, halali, hasomi chuoni wala skuli, na meno ya ukubwani hupotea njia kwa kukosa nafasi. Chupa ya chai ya maziwa yenye sukari anayolala nayo mtoto mchanga ndiyo huanza uharibifu huo. Ripoti ile ya mwaka 2022 ilihesabu watoto milioni 514 ulimwenguni wenye meno ya utotoni yaliyooza.

Tena kuna jambo ambalo nimewauliza akina mama wengi mtaani, na wachache tu wamelijua. Mtoto afikapo kiasi cha miaka 6, nyuma kabisa ya meno yake ya utotoni huota gego jipya, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Kwa kuwa hakuna kilichong'oka, wazazi hudhani ni la utotoni nalo. Kumbe hilo ni la ukubwani, ndilo nguzo ya utafunaji wote, na likipotea hakuna jingine litakaloota mahali pake. Mama mwenye mtoto wa miaka 6 au 7, mfungue kinywa leo, umwangalie kule nyuma. Na mpaka afike miaka 7 au 8, msaidie wewe kupiga mswaki, kwani mkono wake bado haujui. Kwa dawa ya meno, chini ya miaka 3 kipakazo chembamba chatosha. Baada ya hapo kiasi cha punje ya mbaazi.

UDHURU WETU

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema, wazee wetu hawakwenda kwa daktari wa meno. Ni kweli, lakini hawakuwa na pa kwenda. Kenya ilianza kufunza madaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1974 tu. Na wazee hao hawakuwa na soda kila kona ya mtaa. Hata hivyo, wengi wao walizeeka vibogoyo, wakapondewa tambuu zao kwenye kinu kidogo. Tusiwasifu kwa lile ambalo wao wenyewe lingewafurahisha lisiwapate.

Wa pili atasema anaogopa sindano. Huyu simcheki. Lakini woga wake hutokana na kwenda siku ile mbaya kuliko zote, wakati jino limekwisha kuoza na ufizi umevimba. Anayekwenda mapema huangaliwa, akasafishwa, akarudi nyumbani bila kuchomwa sindano.

Wa tatu atasema pesa, na huyu ana haki ya kusikilizwa. Mchukuzi wa bandarini au muuza viazi karai wa Mwembe Tayari akipata maumivu hufanya hesabu: kung'oa ni bei hii, kuziba ni bei ile, na watoto hawajala. Hung'oa. Hakukosa akili, alikosa nafasi ya kuchagua. Ndipo nasema jambo hili si la mtu mmoja mmoja tu. Tangu mwaka 2013 afya imo mikononi mwa serikali za kaunti. Haitoshi kwamba Hospitali Kuu ya Pwani ina idara ya meno ambayo mtu huifikia akiwa tayari analia. Wanaotakikana ni watumishi wa meno wanaozunguka skuli na zahanati za mitaa, wakaangalia watoto kabla ya maumivu, na bei ya kuziba tundu dogo isimshinde maskini. Kuzuia ni rahisi kwa serikali pia kuliko kumlaza mtu na usaha shingoni.

Na sisi hatuna haja ya kuingoja kaunti kwa yote. Tuna madrasa, na kila jioni watoto wetu wamo humo. Maalim anayewafundisha udhu, kiungo baada ya kiungo, awafundishe na mswaki hivyohivyo: nyuma, mbele, ndani, nje. Somo hilo ni la robo saa. Imamu anayetaja fadhila za mswaki mimbarini aongeze neno moja tu: kwamba fadhila hiyo inafika mpaka magego ya nyuma. Nyumba inayoweza kununua sukari kilo mbili kwa wiki yaweza kununua brashi mpya kila miezi mitatu.

Kila mmoja wetu, mwenye maumivu na asiye nayo, na aende akaangaliwe mara moja au mbili kwa mwaka, kama daktari atakavyomshauri. Asiyeumwa ndiye mwenye haja zaidi ya kwenda, kwani yeye bado ana cha kuokoa. Na usiku wa leo, kabla ya kulala, baada ya chai ya mwisho, tumia zile dakika mbili. Meno 32 tumepewa amana, na baada ya yale ya utotoni hatukuahidiwa mengine.